Mchanga mweupe chini ya tope: ni kimbunga cha 1872?

SWALI: Assalamu alaikum. Nipo Micheweni, Pemba. Tulikuwa tunachimba shamba la chumvi nyuma ya mikoko, chini ya tope jeusi tukakuta mchanga mweupe unene wa vidole viwili, una vipande vya makombe. Wazee wanasema ndo ile dhoruba kubwa ya 1872. Kweli udongo unaweza kuweka habari za kimbunga? Na mwaka unajulikanaje?

JIBU: Waalaikum salaam kaka. Udongo unaweka, tena vizuri. Nyuma ya mikoko maji yametulia, kinachotua pale ni tope laini na majani yaliyooza, mchanga wa pwani haufiki hata kwa bamvua, kwahiyo ukiukuta ujue kuna maji yalikuja kwa nguvu yakauvusha.

Ila hiyo 1872 mie naitilia shaka. Kimbunga cha Aprili mwaka ule kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli bandarini, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa na ndo mana karafuu ikahamia huko kwenu. Na vimbunga huku ni nadra, tupo karibu na ikweta na ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo mpaka ukazunguka ni ndogo. Nadra lakini vipo, Lindi 1952, kimbunga Hidaya Mei 2024 kule Mafia. Halafu kuna tsunami, hapo Pangani ng'ambo tu kumekutwa mchanga wa tsunami ya kama miaka 1,000 iliyopita, ndani yake mifupa ya watu. Tsunami mara nyingi hupeleka mchanga mbali zaidi bara na kung'oa mabonge ya tope, dhoruba mawimbi yake hupiga kwa masaa kwahiyo utaona vitabaka vyembamba vingi.

Mwaka sasa, hapo ndo pagumu. Watu wanakimbilia kupima kaboni 14, ile kaboni yenye mnururisho inayopungua taratibu kwenye mabaki ya kiumbe aliyekufa, ni nzuri kwa miaka elfu na zaidi, lakini kwa hii karne ya 19 jibu linakuja limetawanyika, linaweza kuangukia popote toka miaka ya 1600 mwishoni mpaka 1950. Kipimo kingine ni risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho inayotua na tope, hiyo hupungua nusu kila miaka 22 hivi, ikifika miaka 150 haipimiki tena, kwahiyo 1872 ipo ukingoni kabisa. Na msipime mizizi! Mzizi wa mkoko wa juzi unashuka mpaka kwenye tope la zamani, utakupa umri mdogo wa uongo. Kombe nalo laweza kuwa lilikufa zamani, likalala baharini ndo likaja kubebwa. Tafuteni jani au mbegu iliyolala juu na chini ya mchanga.

Kabla ya maabara yoyote, chimbeni mashimo matano sita kwa mstari toka ufukweni kwenda bara, pimeni unene kila shimo, pigeni picha na rula pembeni. Mchanga ukizidi kuwa mwembamba na laini kadri mnavyoingia ndani, hapo tuna kazi ya maana. Ukionekana shimo moja tu, huenda ni mkondo wa zamani uliohama, au kaa wameuchimbua. Nitumie hizo picha, na huo ukuta wa shimo msiujaze maji ya chumvi kwanza.