Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Ninachokipenda kwa Dhati?

Ndugu wahariri, nina miaka 29. Nilijifunza gitaa nikaacha, nikaingia kwenye upigaji picha nikaacha, sasa najifunza kuandika programu za kompyuta na tayari moyo umeanza kupoa. Kila kitu kinanishika wiki tatu au nne, kisha basi. Je, sijakutana na kitu changu, au ni uvivu tu?

Mvivu haanzi mambo matatu. Ila tazama unapoachia: kila mara ni palepale, ugeni ukiisha na ugumu ukianza. Kwenye gitaa ni pale vidole vinapouma na mkono unachelewa kuhama. Kwenye picha ni pale inapobidi uache kuitegemea kamera ijipange yenyewe, ujifunze kuusoma mwanga. Kwenye programu ni saa nzima inayopotea kwa sababu ya alama moja iliyosahaulika.

Wengi wameaminishwa kwamba shauku imelala ndani yao ikiwa imekamilika, na siku wakiigusa kila kitu kitakuwa chepesi. Imani hiyo ina madhara. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa video ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu ya mada hiyohiyo. Waliokuwa na imani kwamba shauku ya mtu ni kitu kisichobadilika ndio waliopoteza hamu zaidi.

Kwa hiyo rudi kwenye kimoja kati ya vile vitatu, kimoja tu. Chagua kile kilichokuachia swali ukalitafutia jibu bila kuagizwa na mtu. Kipe wiki sita, vipindi vitatu kwa wiki, dakika 45 kila kipindi. Jumla ni vipindi 18. Kabla ya kuanza, andika kazi moja ndogo utakayoikamilisha: wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, au picha kumi za mada moja, au programu ya kujumlisha matumizi yako ya mwezi. Bila kazi ya kukamilisha utaishia kutazama video za mafunzo, na kumtazama fundi hakukuonyeshi kama unaipenda kazi yake. Usinunue kifaa kipya pia. Furaha ya kununua inafanana sana na shauku, na ndiyo inayowadanganya wengi mwanzoni.

Kila kipindi kikiisha, andika mistari mitatu: wapi muda ulipita bila kujua, wapi uliangalia saa, na swali gani limebaki kichwani. Ukikwama zaidi ya dakika 15, igawe kazi vipande vidogo au muulize aliyekutangulia kidogo tu. Bingwa mara nyingi ameshasahau ugumu wa mwanzo. Ukiona kazi imekuwa rahisi mno, iongezee uzito, maana wepesi nao huchosha. Usitoe hukumu kabla ya kipindi cha 12.

Mwishoni soma daftari lote ukitafuta vitendo. Huenda mistari yote mizuri inahusu kuchagua na kupanga picha, wala hakuna hata mmoja unaohusu kupiga. Basi unachokipenda ni kuhariri, na kuhariri kuna nyumba nyingi: sauti, maandishi, filamu. Hapo ndipo daftari linapolipa, kwa sababu watu hutafuta jina la kazi ilhali kinachowavuta ni kitendo fulani ndani ya kazi hiyo. Angalia pia sehemu inayochosha, kwani kila fani inayo. Kama unaweza kuivumilia kwa ajili ya matokeo, endelea. Kama vipindi 18 vimekwisha na huna swali hata moja unalotaka kulifuatilia, acha bila kujilaumu.

Natengeneza samani ndogo za mbao siku za mapumziko. Kila anayeziona ananishawishi nifungue biashara. Nikianza kuuza, nitaendelea kuipenda kazi hii?

Wasiwasi wako una msingi. Katika jaribio maarufu la mwaka 1973, watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti kama wangechora. Baadaye, walipoachwa huru, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Hii haina maana kwamba malipo huua shauku daima, lakini inaonyesha hatari iliyopo pale kazi inapoanza kufanywa kwa ajili ya tuzo.

Pokea oda tatu tu, zenye vipimo vya mteja, tarehe ya kukabidhi na bei mliyokubaliana mapema. Moja kati ya hizo iwe marudio ya kitu ulichokwisha kutengeneza, maana biashara ni kurudia. Weka hesabu ya saa zako, zikiwemo za kupiga msasa na kujibu ujumbe wa wateja. Wakati huohuo tengeneza kipande kimoja kisichouzwa. Ikiwa hicho kimelala kwenye kona wiki nzima na hata hukikumbuki, punguza oda.

Hakuna kinachonivutia, hata vile nilivyovipenda zamani.

Hapa usianze na majaribio ya wiki sita. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, hasa ikiambatana na usingizi au hamu ya kula kubadilika, uchovu au kujiona huna thamani, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona inatibika. Muone daktari, umweleze lini ilianza na nini kilibadilika. Mawazo ya kujidhuru yakija, tafuta msaada leo hii na usikae peke yako.

Vipimo vya mtandaoni vya kutambua shauku vinasaidia?

Kidogo. Vingi vinafuata mpangilio wa mwanasaikolojia John Holland, unaogawa kazi katika makundi sita: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, ushawishi na biashara, na kazi za kutunza kumbukumbu na utaratibu. Vitumie kupunguza orodha ndefu hadi mambo matatu ya kujaribu, na ujibu kwa kukumbuka ulichofanya mwezi uliopita, sio unachotamani kuwa.