Nimwage mwarobaini bwawani?

SWALI: Shikamoo mama. Nafuga sato hapa Magu, bwawa la mita 20 kwa 10. Tangu Jumapili samaki wanaelea juu wamezubaa, macho yana ukungu, na kila asubuhi naopoa 30 au 40 waliokufa. Jirani kaniambia nichemshe ndoo ya mwarobaini nimwage, unaua virusi. Nimwage? – Mfugaji, Magu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usimwage.

Piga hesabu kwanza. Kama kina ni mita 1, bwawa lako lina lita 200,000. Ndoo ya lita 20 humo ni sehemu 1 kwa 10,000. Ukizidisha ndoo mpaka dawa ikolee, samaki ndio watatangulia, maana mwarobaini ni sumu kwao. Mimi nilitwanga majani yake mwaka wangu wa pili wa ufugaji, nikamwaga jioni. Alfajiri nikakuta vifaranga wamejipanga ukingoni, midomo imeachama, mashavu yanapwita. Hadi leo picha ile haijanitoka.

Jirani yako hakulitoa hewani, lakini. Wachina wamepima arktijenini, kemikali ya mmea uitwao burdock, dhidi ya virusi vya samaki aina ya kapi, na Thailand wamejaribu majani ya mpera kwa virusi vya kamba. Ila hao huchuja kemikali, huipima kwa miligramu, tena mara nyingi huanzia kwenye seli za maabara. Sufuria yako haina kipimo hicho. Kitunguu saumu kwenye chakula husaidia kinga kabla ya ugonjwa. Kwa sasa umechelewa, na samaki aliyezubaa hata chakula hali.

Dalili zako zinanitia hofu ya virusi vya TiLV, vinavyoshambulia sato, vilivyotambuliwa Israeli 2014 na kuripotiwa kwa sato wa Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda, mwaka 2018. Lakini hata bakteria huleta ukungu wa machoni, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo leo hii vua watano wagonjwa ambao bado wanapumua, waweke kwenye boksi la barafu, umwone afisa uvuvi wa wilaya au uende TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, Mwanza wapimwe. Waliooza usiwabebe, havitoi majibu ya kuaminika vipimo vyao.

Waliokufa wafukie na chokaa, mbali na maji. Usifungulie maji ya bwawa kwenda mtoni. Na wavu wako usimwazime huyo jirani, hata akikubembeleza.