Inachemka Wapi: Kwenye Meno au Mkononi?

SWALI: Shikamoo, fundi. Nakuandikia kutoka Mwanga, Kigoma. Tuna mbwa mweupe wa manyoya marefu ya kujisokota, na siku za likizo anashinda na watoto mwaloni Kibirizi. Mashine ya kunyolea niliinunua kwa kinyozi aliyekuwa anafunga saluni. Mwanzo inakata vizuri, ikienda kidogo inachemka. Nikifika tumboni mbwa anaruka na kulia, ila mimi niliyeishika sihisi kitu. Kabla ya kuanza huwa naipaka mawese kidogo. Namnyoa kwanza ndipo namwogesha, maana sioni sababu ya kumaliza shampuu kwenye manyoya ya kutupwa. Juzi nimeona wekundu tumboni na anajilamba hapohapo. Mashine imekufa, au mbwa ana deko?

JIBU: Marahaba, mama. Mbwa hana deko na mashine haijafa.

Karibu barua zote za namna hii huishia kwenye neno "inachemka", bila kusema inachemka wapi. Wewe umesema bila kukusudia: mbwa anaungua, mkono wako hausikii kitu. Basi mota iko salama, joto liko kwenye meno. Mashine hiyo ina bamba mbili za meno, moja imetulia na nyingine inakwenda kushoto na kulia juu yake, mara elfu kadhaa kwa dakika. Chuma kikisuguana na chuma kwa kasi hiyo bila ulainisho, lazima kipate moto, na aliyegusana nacho ni mbwa, si wewe.

Sasa tuzungumze mawese. Nayajua mawese ya Kigoma, hata hapa Tabora maharage yakikosa mawese nayaona hayajaungwa. Lakini hayo ni ya chunguni. Yakipoa yanaganda, yakikaa siku kadhaa yanakuwa gundi, na gundi hiyo inakamata vipande vya manyoya na vumbi. Fungua skrubu mbili zinazoshika meno utazame katikati ya zile bamba. Nina hakika utakuta tabaka la rangi ya kahawia, gumu, limechanganyika na manyoya meupe na chembe za mchanga. Likwangue kwa njiti ya kiberiti, kisha sugua kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Meno yawe yametoka kwenye mashine, na jiko liwe mbali. Futa kwa kitambaa mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe kabisa, la sivyo ngozi ya mbwa ndiyo itakayolipia.

Ukirudisha, angalia kwa makini: ncha za meno yanayotembea zikae nyuma kidogo ya ncha za yale yaliyotulia. Zikilingana au zikatokeza mbele, hapo hunyoi tena, unachanja. Skrubu zikaze kiasi cha bamba kutocheza. Ukizibana kwa nguvu zote, msuguano unaongezeka na joto linarudi palepale.

Mafuta yanayofaa ni yale ya cherehani. Nenda kwa fundi nguo yeyote aliyekaa barazani, atakuelekeza anakoyanunua. Tone moja kila pembe, tone katikati ya meno, washa mashine sekunde chache isambaze, kisha futa yanayozidi. Rudia kila baada ya dakika kumi hivi za kunyoa, si mpaka mbwa akukumbushe. Na kila mara unapotia mafuta, gusisha meno kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Kama huwezi kuyaacha hapo, zima, uyalaze juu ya sufuria ya bati iliyopinduliwa chini juu au kwenye sakafu ya vigae yapoe. Usiyatumbukize majini wala kuyaweka kwenye friji, yatapata kutu. Kuna dawa ya kupuliza ya kupoza meno, na inafanya kazi, lakini inaosha mafuta, kwa hiyo ukishaipuliza unatia mafuta upya.

Hilo la kunyoa kabla ya kuogesha ndilo linalokula meno yako. Mbwa anayegaagaa Kibirizi pale wanapoanika dagaa anarudi na mchanga mpaka kwenye mizizi ya manyoya. Mchanga ni tupa. Meno yakishakuwa butu yanavuta manyoya badala ya kukata, mota inaelemewa, joto linapanda, na mafuta hayatasaidia tena. Mchane kwanza mafundo yote, muogeshe, akauke kabisa, ndipo umnyoe. Shampuu chupa nzima ni rahisi kuliko meno mapya. Na meno yakiisha makali usimpelekee mnoa visu wa mtaani. Bamba hizo zinatakiwa zilaliane sawasawa, jiwe lake litaziharibu. Nunua mengine.

Tumboni, kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na masikioni ngozi ni nyembamba, kwa hiyo anzia huko wakati meno bado ya baridi, mgongo uje mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu mgongo ndio rahisi.

Huo wekundu: weka kitambaa safi chenye maji ya baridi, si barafu, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Dawa ya meno hapana, mawese hapana. Mzuie asijilambe, maana ulimi ndio unaogeuza muunguzo mdogo kuwa kidonda. Usimpe diklopa wala brufeni za nyumbani, ni sumu kwa mbwa. Pakitoa majimaji au harufu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

SWALI: Mimi niko Ipuli, hapa Tabora. Kaka ameniletea mashine ya mbwa kutoka Marekani, mpya kwenye boksi. Nikiichomeka inanguruma kwa nguvu, mpini unachemka hadi siwezi kushika, na kuna harufu ya waya. Nitie mafuta?

JIBU: Usitie kitu, ichomoe. Yako ni kesi nyingine, joto la mkononi. Soma maandishi madogo ubavuni: naamini utakuta 120V 60Hz. Umeme wetu ni 230V 50Hz, umeipa karibu mara mbili ya chakula chake. Transfoma ya kushusha umeme itarekebisha volti, lakini hertzi (ile Hz, mitetemo ya umeme kwa sekunde) zitabaki 50, na mashine za kutetemeka kwa sumaku zilizotengenezwa kwa 60 hukata kivivu na kuchemka hata hivyo. Ikiwa ni ya betri, tazama chaja yake. Ikiandikwa 100–240V, hiyo ni salama hapa. Hii ya waya, ikishatoa harufu, usiijaribu tena hata mara moja. Chomoa meno yake uyahifadhi, yanaweza kuingia kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo, na hayo ndiyo yenye bei.