Re: Shule inanidai mahindi na maharage, si elimu ni bure?

Dada, karibu Mbeya na pole kwa usumbufu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa kweli tangu 2001, kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, yaani agizo la serikali, ukafuta na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Ila chakula cha mtoto wa kutwa kimebaki kwetu wazazi. Tunakubaliana kwenye mkutano, mwalimu mkuu hajipangii mwenyewe, kwa hiyo omba uoneshwe muhtasari wa kikao.

Na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Wangu alirudishwa mwaka juzi. Nilimkuta amekaa mlangoni, sweta limelowa ukungu, daftari kalikumbatia. Niliumia sana. Nilienda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kesho yake mtoto akaingia darasani. Ukikwama hapo, nenda kwa afisa elimu kata.

Lakini ukiweza, toa huo mchango, dada yangu. Juni huku Uyole baridi inauma, vidole vinakufa ganzi hata penseli haishikiki. Kikombe cha uji wa moto saa nne kinamrudisha mtoto kwenye somo. Kama fedha hakuna, waombe wakusubiri hadi mavuno upeleke debe la mahindi. Sisi wengi tunafanya hivyo.