Kondomu inapasuka kila mara? Angalia mafuta kwanza

Salam ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: mnavaa kondomu kila mara, muda wake haujaisha, lakini zinapasuka na bibie sasa anaogopa mimba. Mie niko duka la dawa hapa Malindi na hili naulizwa sana, basi cha kwanza niambie mnapaka nini, maana huku kwetu mafuta ya nazi ndio kila kitu, nywele nazi, mwili nazi, na huko pia nazi. Yanaudhoofisha ule mpira kwa dakika chache tu, na vaselini ni vilevile, hata mikono ikiwa na mafuta. Nunua jeli ya maji.

Halafu unaziweka wapi? Kwenye waleti au chini ya siti ya bodaboda na jua letu hili, hapana. Bonyeza pakiti, ukihisi hewa ndani iko sawa, ikiwa imesinyaa tupa. Usichane kwa meno. Ukivaa bana ile chuchu ya mbele hewa itoke, ndio ushushe mpaka chini kabisa, hapo wengi wana haraka mno. Mbili kwa pamoja usijaribu. Ukimaliza shika kwenye shina utoke kabla mambo hayajalala.

Kwa ile iliyopasuka juzi usiku, P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ameze leo leo, ni ndani ya saa 72 tangu tendo na kadri anavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua. Zikishapita, aende kliniki aulizie koili ya shaba, kile kitanzi cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi, hiyo anaweza kuwekewa mpaka siku 5 baada ya tendo.