Yadi za Agosti Zisikupumbaze: Namna ya Kumpima Mkimbiaji Kabla Msimu Haujaanza

Kila Agosti simu yangu hapa Houston haipumziki. Wanaopiga ni Wabongo, Wakenya na Wakongo wenzangu, wale tunaocheza fantasi ya futiboli ya Kimarekani na watu wa kazini (kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli, na yadi zao uwanjani humpa pointi), na swali lao ni moja: yule kijana aliyekimbia yadi 80 jana usiku, nimchukue? Nami huwauliza kwanza: aliingia robo ya ngapi ya mechi?

Kwa ambao hawaufuatilii mchezo huu, mkimbiaji, au raningibeki kama tunavyomwita, husimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akapokea mpira mkononi na kutafuta upenyo katikati ya majitu ya kilo 140. Tangu 2021 karibu kila timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, hucheza mechi tatu za kujipima nguvu. Kambini wanaingia wachezaji 90, na Agosti ikiisha wanabaki 53. Humo wakimbiaji huwa watatu au wanne tu. Sasa hesabu mwenyewe: wengi unaowaona uwanjani robo ya nne, wa timu zote mbili, wiki mbili baadaye watakuwa wanatafuta kazi. Yadi 80 dhidi ya mabeki wa namna hiyo hazinunui kitu.

Mwaka 2015 Ameer Abdullah wa Detroit Lions aliwasha moto kwenye mechi yake ya kwanza ya maandalizi, na watu wa fantasi wakampandisha bei hadi mawinguni. Msimu wenyewe ulipokwisha alikuwa na yadi 597 tu, na sifa ya kudondosha mpira juu yake.

Upande wa pili, asiyecheza kabisa huyo ndiye mwenye namba. Ukimwona mkimbiaji amesimama pembeni na kofia kichwani, anatafuna bigijii na kucheka na wenzake, usimhurumie. Sean McVay, kocha wa Los Angeles Rams, amejulikana miaka mingi kwa kuwapumzisha nyota wake mechi hizi, kwa hiyo anayekimbia sana Agosti kwenye timu ile mara nyingi ni mtu anayepigania nafasi ya tatu. Ninachokitafuta mimi ni mkimbiaji anayeingia mapema, pamoja na kwotabeki wa kwanza na ukuta wa kwanza wa mbele, anacheza dakika chache, kisha anavuliwa kofia ya chuma na kuambiwa akae. Hata akipata yadi 11 tu, huyo namwandika.

Lakini kitu kinachomtenga mkimbiaji wa kweli na wa Agosti hakihusu kukimbia. Ni kumkinga kwotabeki. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Subiri jaribio la tatu likiwa bado na yadi nane mbele: uwanja mzima unajua mpira utarushwa. Mkimbiaji amebaki nyuma, na kazi yake ni kumzuia yeyote atakayepenya. Kabla mpira haujaanzishwa, tazama kofia yake inavyogeuka. Anayejua kazi hukagua kuanzia ndani kwenda nje, kwa sababu anayepita katikati ndiye mwenye njia fupi ya kumfikia kwotabeki. Mlinzi mmoja atajifanya anakuja halafu arudi nyuma. Mwingine, aliyekuwa ametulia kama hana habari, ndiye atakayefyatuka. Mkimbiaji mzuri hashughuliki na yule wa kwanza. Anapiga hatua mbili mbele, magoti yamekunjwa kidogo, anamkuta mvamizi mbali na kwotabeki na kumpiga mikono miwili kifuani. Mbaya hungoja visigino vikiwa karibu kugusa vya kwotabeki, au hujirusha miguuni mwa mtu na kubaki amekumbatia nyasi.

Watangazaji hawatalisema hilo, maana wao wanaufuata mpira. Kocha ameliona. Jaribio la tatu linalofuata, kijana yule yuko kwenye benchi, na nyumbani watu wanashangaa mbona katolewa wakati alikuwa anakimbia vizuri. Kwotabeki analipwa mamilioni ya dola. Hakuna kocha atakayemkabidhi kwa mtoto asiyejua hatari inatokea wapi.

Ndiyo maana nawashauri watu waende uwanjani. Tiketi za mechi hizi kwa kawaida huwa nafuu kuliko za msimu, na kiti ninachokipenda ni cha juu kabisa, nyuma ya milingoti ya goli. Wengi hukikimbia. Ukikaa pale unaziona nafasi zikifunguka na kufunga kama anavyoziona mkimbiaji mwenyewe, na unajua kama aliuona mlango au alibahatisha. Mbio ya yadi 60 katika uwazi mtupu hainishtui. Nampenda anayekutana na mtu nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, pale ambapo timu ilipaswa kupoteza yadi mbili, akajipindua na kupata tatu.

Tazama pia vikosi maalumu, yaani wale wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu, hasa kwa wale wa chini kwenye orodha. Mwaka 1995 Denver Broncos walimchagua mkimbiaji Terrell Davis raundi ya sita ya ugawaji wa wachezaji wapya wa ligi, mtu wa 196. Kwenye mechi ya maandalizi mjini Tokyo dhidi ya San Francisco 49ers alipelekwa kukimbilia mpira wa kuanzia, akamwangusha mrudishaji kwa kishindo ambacho makocha hawakukisahau. Mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008, na 2017 akaingizwa kwenye jumba la magwiji kule Canton. Tangu sheria za mpira wa kuanzia zibadilishwe 2024 mipira inarudishwa zaidi, kwa hiyo mkimbiaji wa tatu asiyejua kurudisha wala kukaba ana kazi ngumu ya kujieleza.

Kudondosha mpira mara moja nakusamehe. Kareem Hunt wa Kansas City aliupoteza kwenye mbio yake ya kwanza kabisa ya msimu wa 2017, akamaliza akiongoza ligi nzima kwa yadi 1,327. Nafasi yenyewe aliipata baada ya Spencer Ware kuumia goti kwenye mechi ya maandalizi. Waliokuwa wameshagawana wachezaji wa fantasi mapema walibaki na Ware mkononi.

Kwa hiyo kwenye ligi yetu mwaka huu nimeomba tugawane baada ya mechi ya tatu. Wawili wamekataa, wanasema wikiendi ile wana harusi Dallas.