Kwa nini lehemu hujiviringa badala ya kutambaa juu ya shaba?

Swali: Ninapolehemu nyaya za shaba, lehemu huyeyuka lakini hujiviringa kuwa matone yanayong'aa, kisha hudondoka. Nikiongeza moto, hali huwa mbaya zaidi. Je, lehemu yangu ni mbovu?

Jibu: Kwa maelezo yako, lehemu haina kasoro, na joto lilitosha tangu mwanzo. Lehemu yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za selsiasi, ingawa bati tupu husubiri hadi 232 na risasi tupu hadi 327. Kinachokukwamisha ni uso wa shaba.

Atomi za metali iliyoyeyuka huvutana kwa nguvu kubwa. Zilizo ndani huvutwa kutoka pande zote, ilhali zilizo juu huvutwa zaidi kuelekea ndani, na kwa sababu hiyo uso wote hujikaza ukitafuta eneo dogo kabisa, ambalo ni la tufe. Mvutano huo wa uso katika bati lililoyeyuka ni zaidi ya mara saba ya ule wa maji, kwa hiyo tone dogo hubaki duara, na ni tone kubwa tu linalobonyezwa na uzito wake.

Shaba safi huushinda mvutano huo, kwa kuwa bati huungana nayo papo hapo na kufanya tabaka jembamba la metali hizo mbili, na lehemu hutambaa ikilifuata. Shaba iliyofunikwa na oksidi, yaani utando unaotokea shaba inapoungana na oksijeni ya hewa, haiungani na bati. Moto ulioongeza uliikuza oksidi hiyo na kuunguza flaksi, dawa ambayo kazi yake ni kuiondoa.

Sugua waya kwa msasa laini hadi ung'ae, upake flaksi ya utomvu mara moja (ile ya asidi, tafadhali, usiitumie kwenye umeme, kwani mabaki yake hula shaba), kisha upashe waya wenyewe na kuugusisha lehemu, ili joto la waya ndilo liiyeyushe. Tazama ukingo: ukiwa mwembamba na kulala juu ya shaba, imeshika, ukijikunja kwa ndani chini ya tone, haijashika. Ikishika, ondoa moto bila kukawia, kwa sababu tabaka lile likinenepa, kiungo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika.